Sentensi Aliyoiruka Mama Vuta

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kabla cherehani hata moja haijanguruma, sisi tulikuwa tumelala chali sakafuni. Watu mia moja na arobaini, wanawake kwa wanaume, juu ya saruji, vumbi la pamba likitupanda puani, na mwanamke wa kwenye spika akituambia kwa Kiingereza kwamba tuko ufukweni, upepo ni mwanana na hatuna la kuhangaikia. Mimi nilichokuwa nakinusa ni mafuta ya mashine na soksi za fundi wa mifuko aliyelala mbele yangu.

Mazoezi yenyewe yanaitwa yoga. Waliotuletea ni wanunuzi wa mashati yetu, watu wa ng'ambo, ambao waliiona migongo yetu kwenye picha wakaingiwa na huruma. Huruma hiyo ilifika ikiwa rekodi moja ya dakika ishirini, pamoja na agizo kwamba kila asubuhi wafanyakazi wanyooshwe viungo na kila mwezi picha zipelekwe. Wangetuletea viti vyenye migongo ningewaombea dua mpaka leo.

Rekodi ilikuwa Kiingereza kitupu, nasi Kiingereza chetu kiliishia kwenye lebo: smoli, midiamu, laji. Ikabidi atafutwe wa kutafsiri. Ndipo mama mmoja wa kushona kola, mnyamavu, ambaye wengi wetu hatukuwa tunaijua hata sauti yake, akajitokeza.

Alilelewa na mjomba wake, karani wa mahakama, mtu mkali aliyekuwa haruhusu chungu kifunuliwe kabla mtoto mmoja hajasoma gazeti la Kiingereza kwa sauti na kueleza alichosoma. "Njaa ndiyo mwalimu wangu," aliwahi kuniambia. "Mpaka leo nikisikia Kiingereza, tumbo linaunguruma." Mjomba akafa, shule ikakatikia njiani, akaolewa, akafiwa, akaja kiwandani. Miaka kumi na tisa alishona kola. Kola ni kazi ya macho; mshono unapita ukingoni kabisa, ukiteleza kwa upana wa uzi mmoja shati linarudishwa na jina lako linaandikwa ubaoni. Na macho yake yalikuwa yanaondoka. Mama yake mzazi alikufa kipofu, kwa hiyo yeye alijua anakoelekea.

Aliyemsitiri ni Bi Vifungo, mwanamke wa mashine ya vifungo, mnene, mcheshi, mwenye mdomo usio na kifuniko. Kila alipokwenda chooni alipitia kwenye cherehani ya shoga yake, akainama kama anayemnong'oneza umbea, na kufumba na kufumbua akawa ameshamtungia uzi kwenye sindano. Mara sita, mara saba kwa siku. Supavaiza aliamini Bi Vifungo ana ugonjwa wa kibofu, akawa anamshauri apunguze chai. Miaka mitatu ilipita hivyo na hakuna aliyejua isipokuwa mimi, kwa sababu meza yangu ya kupiga pasi inatazamana na laini ya kola na mimi, nikiri tu, ni mtu wa kutazama mambo ya watu.

Kutafsiri ndiko kulikomwokoa. Meneja alimtoa kwenye cherehani akamweka meza ya ukaguzi, ambako mishono inapapaswa kwa vidole kuliko kutazamwa. Akapewa kipaza sauti na kreti ya kusimamia.

Kwenye rekodi ile kila sentensi ilifuatwa na kimya kirefu cha watu kupumua, na kwenye kimya hicho ndimo alimopachika Kiswahili. Mwanamke wa spika anasema "inhale", yeye anasema, "Vuta." Anasema "exhale", yeye, "Toa." Siku ya pili tu alikuwa ameshabatizwa Mama Vuta. Na hakuwa kasuku. Mwenzake akisema "soften your jaw", yeye alisema, "Legeza taya, wewe uliyegombana na mumeo." Kulikuwa na mkao ambao Kiingereza wanauita mbwa, makalio juu, mikono chini, alijua akiwaita watu wazima mbwa saa kumi na mbili asubuhi patachimbika, akauita mlima. Ule wa mwisho, wa kulala chali, wenyewe wanauita mkao wa maiti. Yeye aliuita mapumziko. "Listen to your body" akaigeuza, "Usikilize mwili wako," na Bi Vifungo akajibu kutoka nyuma, "Wangu unasema unataka maandazi!"

Niseme kweli, tuliyapenda. Tulianza kwa kunung'unika na tukaishia kuwahi. Kiwanda kizima kilitusemesha kwa kengele na kwa ukali, na kwa dakika ishirini tu kwa siku palikuwa na mtu anayetusemesha kwa upole, tena mtu wetu. "Achilia mabega," alikuwa akisema, na mabega yanaachia kweli. Kuna fundi mmoja wa laini ya mikono ambaye alikuwa analia kila tukifika hapo, kimyakimya, na hakuna aliyemcheka.

Lakini kulikuwa na sentensi moja.

Kabla mazoezi hayajaanza rasmi, Meneja alimwita ofisini waisikilize rekodi wawili. Katikati yake kuna mahali watu wanainama mbele, kichwa kinashuka mpaka magotini, wanakaa hivyo dakika nzima. Kabla ya hapo mwanamke wa spika anasema polepole kwamba mwenye presha asiinamishe kichwa chini ya moyo, abaki amesimama au akae apumzike, hakuna atakayemhukumu. Meneja akabonyeza kitufe, rekodi ikasimama.

"Hiyo iruke," akasema.

"Bosi, hiyo ni tahadhari."

"Najua. Ukiwaambia hivyo, kesho kiwanda kizima kitakuwa na presha. Wanunuzi wanataka picha ya watu wameinama, si ya watu wamekaa kitako kama wako msibani."

"Na wenye presha ya kweli?"

"Hao wanajijua. Au wewe unataka kurudi kwenye kola?"

Hakurudi kwenye kola. Kuanzia asubuhi ya kwanza, ile sentensi ilipopita kwa Kiingereza, yeye alikijaza kimya chake kwa maneno mengine. "Vuta. Taratibu. Bado. Vuta tena." Kisha, "Sasa inama, kichwa kwenye magoti, tulia hapo." Nasi tukainama.

Bi Vifungo alikuwa na presha. Haikuwa siri, kila saa nne alimeza kidonge chake kwa chai na kusema kwamba presha ni kama mume, ukishampata humwachi. Mama Vuta alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Sasa utaniuliza, mbona asimwambie faraghani? Nilimuuliza hivyo hivyo. Aliniambia alitaka, kila siku alitaka, lakini kumwambia ni kukiri kwamba ameiruka, na mdomo wa Bi Vifungo ungelisambaza laini zote kabla ya saa nne, na Meneja angejua. Basi akawa anasema kesho. Alimhamishia mstari wa nyuma karibu na feni. Akawa anamwambia, "Shoga, wewe usiiname sana, mgongo wako mbovu," na mwenzake anacheka, "Mgongo wangu umebeba watoto watano, utashindwa kunibeba mimi?" Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndivyo wanavyosema, na hii iliumiza tumbo la mwingine.

Na kuhusu ule mdomo, mimi simkubalii. Mdomo uleule ulitunza siri ya sindano miaka mitatu. Aliogopa, hilo tu. Ningekuwa yeye ningeogopa vilevile, lakini tusimsingizie mgonjwa.

Ikapita miezi minane. Ikaja siku ya picha kubwa, za wapiga picha waliotumwa na wanunuzi wenyewe. Wapiga picha walikuwa wawili, wamevaa viatu safi, na Bi Vifungo alikuwa amejifunga kitambaa kipya cha kichwa, cha njano. Hakutaka kubaki nyuma. Alikuja mbele kabisa akajibanza kati yangu na fundi wa mifuko, akaniambia, "Sogea, shoga wa pasi, leo nakwenda ng'ambo kwa picha." Tukavuta, tukatoa. Tukainama. Mpiga picha mmoja akasema mwanga haukumridhisha. Meneja akamwonyesha Mama Vuta kidole: tena. Rekodi ikarudishwa nyuma, lile onyo likapita kwa Kiingereza mara ya pili, na mara ya pili likajibiwa, "Vuta. Bado. Inama."

Watu walipoinuka, Bi Vifungo hakuinuka. Alibaki kichwa chini, kisha akakaa, kisha akalala ubavu, mdomo umekwenda upande. Tulicheka. Naomba mnielewe, alikuwa mtu wa vichekesho, tulidhani anawaigizia wapiga picha. Mimi nilimpiga teke dogo la utani kwenye unyayo nikamwambia, "Amka, wewe, picha imeisha." Mama Vuta ndiye wa kwanza kujua. Alishuka kwenye kreti na kipaza sauti mkononi, na kiwanda kizima kikamsikia akisema, "Mwenzangu, mwenzangu, mwenzangu."

Ilikuwa kiharusi. Kilichukua upande wote wa kulia na ulimi. Akalazwa hospitali, na kiwanda kikalipia kwa kuwa kilikuwa hakijajua bado kama kinapaswa. Binti yake mkubwa, msusi wa nywele, alifunga kazi akawa anakaa naye. Mama Vuta alikwenda kila siku baada ya kazi. Jioni moja akanijia chumba cha pasi, akasimama kwenye mvuke, akanieleza yote, kuanzia ofisini mpaka siku ya picha. "Mimi ndiye niliyemwambia inama," alisema. "Si Meneja. Sauti aliyoisikia ni yangu." Nilimpa kiti, na nikaendelea kupiga pasi kwa sababu mashati yalikuwa yananingoja.

Binti alikwenda serikalini kulalamika kwamba mama yake mwenye presha aliinamishwa kichwa, na mwezi uliofuata akaja afisa wa kazi, mzee mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Siku moja kabla hajaja, Meneja alipita laini baada ya laini, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akitusemesha kwa sauti ya chini kama mjomba. "Mnajua mwenzenu yuko hatarini? Kwenye rekodi kuna tahadhari ya wenye presha; ikithibitika hakuitafsiri, ni kesi, anaweza kufungwa. Mimi simo, ila roho inaniuma. Fikirieni." Akaondoka akiacha harufu ya marashi. Mchana huo kwenye chakula tulikubaliana bila hata kukubaliana. Mama Vuta hafungwi. Yule mama anayetulegeza mabega alale jela? Thubutu.

Kikao kilikuwa humohumo ukumbini, sisi tumekaa sakafuni. Binti aliwekewa kiti mbele. Mama Vuta alisimamishwa kando, karibu na kreti yake, akaambiwa asifungue mdomo mpaka aulizwe, maana tafsiri yake ndiyo inayochunguzwa. Afisa akaipiga ile sentensi kwenye spika, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili chake cha ofisini. Niliisikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa sentensi fupi. Ningeweza kuikariri kabla shati moja halijapoa.

"Nauliza," akasema afisa, "na nataka ukweli. Katika miezi hii minane, mlikuwa mkiambiwa maneno haya kwa Kiswahili? Aliyeambiwa ainue mkono."

Kila mtu akawa anamngoja mwenzake. Nami ndiye niliyekuwa mbele, nami ndiye niliyejua kuliko wote kwamba hakusema, na nikajiona nina deni la upendo la kulipa pale pale. Nikainua mkono. Wa kwanza ni wangu. Baada ya wangu ikapanda mingine kama nyasi baada ya mvua, laini ya kola, laini ya mikono, mifuko, ukaguzi, mpaka wafagiaji, na baadhi walikuwa wanatabasamu, wanamtazama Mama Vuta wamwonyeshe kwamba tuko naye.

Yeye alikuwa anatikisa kichwa. Nilidhani ni machozi ya shukrani.

Afisa akahesabu, akaandika, akafunga kalamu. Kisha akamgeukia binti na kumweleza kwa upole sana. Kwa kuwa mama yake alikuwa ameonywa kila siku kwa lugha anayoielewa na bado akainama, basi aliumia kwa kutojali kwake mwenyewe, na kiwanda hakitawajibika. Matibabu yataishia mwezi huu. Baada ya hapo familia itamchukua nyumbani.

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Nakuapia, katika vichwa vyote vile, hakuna hata kimoja kilichokuwa kimelifikiria. Meneja ndiye aliyekuwa amefikiri kwa niaba yetu sote.

Mama Vuta hakungoja kuulizwa. "Wanasema uongo," alisema. Sauti yake bila kipaza ilikuwa nyembamba, tukawa tunanyoosha shingo kumsikia. "Wanasema uongo kwa ajili yangu. Sikuisema hata siku moja. Niliambiwa niiruke, nikairuka. Rafiki yangu hakuonywa. Mwandikie mwanawe kwamba mama yake hakuonywa."

"Nani alikuambia uiruke?"

Akamtaja Meneja. Meneja akafungua mikono kama mtu aliyesingiziwa wizi msikitini, akasema anamwonea huruma huyu mama, majonzi yamemchanganya, na yeye hata hicho Kiswahili cha yoga hakijui.

Afisa akagonga meza kwa kalamu. Nadhani alimwamini. Macho yake yalionyesha. Lakini alikuwa na karatasi yenye mikono zaidi ya mia upande mmoja, na mdomo mmoja upande wa pili. Akatugeukia. "Naweza kubadilisha niliyoandika. Wanaofuta kauli yao ya mwanzo, wainue mikono sasa."

"Na wajue," Meneja akadakia taratibu, "kwamba aliyemdanganya afisa wa serikali mara ya kwanza, hapa kwangu hana kazi."

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nilikuwa naitazama. Ina makovu ya pasi, la kushoto refu, nililipata mwaka wa kwanza. Niliwaza kodi, niliwaza wanangu wawili, niliwaza kwamba akianza mmoja mimi nitakuwa wa pili, sitamwacha peke yake. Nyuma yangu nilisikia watu wanapumua. Nadhani wote walikuwa wanangoja wa kwanza, na wa kwanza siku ile alikuwa ni mimi.

"Wengi wape," afisa akasema mwishowe, akakunja karatasi.

Mama Vuta alifukuzwa siku hiyo hiyo. Hawakumpeleka mahakamani, hapakuwa na haja. Kesi ilikuwa imekwisha kwa manufaa ya kiwanda. Alivua aproni akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kreti. Alipita mbele yangu na hakunisema. Afadhali angenitukana.

Sasa macho yake yamebaki ya kuona mwanga na vivuli. Anakaa kwa Bi Vifungo kutwa nzima. Anamgeuza ubavu huu na ubavu ule ili ngozi isioze, anamlisha uji kwa kijiko kwa kupapasa ulipo mdomo, anamnyoosha mkono ule mfu kidole kimoja kimoja huku akimhesabia pumzi. Haya sikuyaona. Mimi sijakanyaga huko. Nimeyasikia kwa binti, aliyenikuta getini juma lililopita tukitoka kazini.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Vilevile. Nina neno nataka kukuuliza." Akanivuta pembeni, mbali na wenzangu. "Mama Vuta kila siku analia, anasema hakuisema ile tahadhari. Mimi namwambia aache kujitwisha lawama, watu wote wale walisikia, hawawezi kuwa waongo wote. Anaapa. Anaapia macho yake. Na mama akimsikia anajaribu kusema kitu, sauti haitoki, machozi tu. Sijui nimwamini nani. Usiku silali, nikimtazama mama nashikwa na hasira, nasema aliambiwa, kwa nini akakaidi, kwa nini akatufanyia hivi. Halafu naona aibu." Alikuwa amekonda, kucha zake zimekatika. "Wewe ulikuwa ubavuni kwake siku ile. Na mama alikuwa anakupenda. Niambie wewe tu, nitaamini. Uliisikia?"

Wenzangu walikuwa wanapita. Supavaiza alikuwa amesimama mlangoni pa mlinzi, anaongea na simu, uso kwetu.

"Niliisikia, mwanangu," nikasema. "Aliisema vizuri kabisa. Mama yako ni mbishi tu."

Akashusha pumzi ndefu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ule mkono wa kovu, akanishukuru kwa kumtua mzigo, kisha akavuka barabara kurudi kwa mama yake.